Je, Wajua? Maumivu Huondoka Kabla Goti Halijapona

Baiskeli inaweza kukuangusha ukaumia goti, na baiskeli hiyohiyo ndiyo mtaalamu wa mazoezi tiba atakayokupandisha ili upone. Safu ya leo ni ya mwendesha baiskeli aliyekatika ligamenti, anayesubiri kupona, au anayedhani ameshapona.

NDANI YA GOTI

Je, wajua kwamba goti lako linashikiliwa na ligamenti kubwa nne? Mbili ziko pembeni, moja kila upande, na kazi yake ni kuzuia goti lisilale kando. Mbili nyingine ziko ndani kabisa na zimepishana kwa umbo la X. Ya mbele huuzuia mfupa wa muundi usiteleze kwenda mbele, na ya nyuma huuzuia usirudi nyuma. Hiyo ya mbele ndiyo kurasa za michezo huiita ACL.

Je, wajua kwamba ACL, inayowaweka wachezaji nje msimu mzima, ina urefu wa sentimita tatu hivi tu? Unene wake haupiti wa kidole cha mwisho cha mkono.

Je, wajua kwamba ligamenti pia ni chombo cha habari? Ndani yake mna neva zinazoujulisha ubongo goti limekaaje na linaelekea wapi. Ikikatika, unapoteza uimara na unapoteza taarifa. Ndiyo maana aliyekatika ligamenti, hata asiposikia maumivu yoyote, anaweza kushindwa kusimama kwa mguu mmoja akiwa amefumba macho.

Je, wajua kwamba ligamenti hizi hazina bahati sawa? Ya upande wa ndani wa goti hupata damu ya kutosha, na mara nyingi hujiunga yenyewe kwa msaada wa kifaa cha kushikilia goti na mazoezi. Ya nyuma nayo mara nyingi hutibiwa bila kisu. ACL ndiyo korofi. Imezungukwa na ute wa goti, na ute huo huyeyusha donge la damu ambalo lingeziunganisha ncha mbili zilizoachana.

SIKU YA AJALI

Je, wajua kwamba kupiga pedeli peke yake ni nadra kukata ACL? Ligamenti hiyo hukatika mtu anapokita mguu chini kisha mwili ukageuka ghafla, na mguu ulio juu ya pedeli haukiti wala haugeuki. Mwendesha baiskeli huumia anapoanguka: mguu mmoja unatua ardhini, baiskeli inaendelea na safari, na mwili mzima unazunguka juu ya goti moja. Wengine huumia Jumapili kwenye kabumbu la mtaani, kisha Jumatatu wakashindwa kupanda baiskeli.

Je, wajua kwamba ligamenti ya nyuma ina adui wake? Ni kuanguka goti likiwa limekunjwa, sehemu ya juu ya muundi ikagonga lami au jiwe. Ajali za pikipiki hulileta sana jeraha hili. Vilevile abiria wa mbele garini hulipata goti linapogonga dashibodi.

Je, wajua kwamba saa za kuvimba zinasema mengi? Wengi waliokatika ACL husikia mlio wa kitu kuachia ndani ya goti. Goti likijaa ndani ya saa chache, mara nyingi ni damu, na hiyo ni dalili ya jeraha kubwa. Uvimbe unaokuja polepole, siku ya pili, mara nyingi ni ute uliozidi.

Je, wajua kwamba kukandwa kwa maji ya moto siku ya kwanza huongeza uvimbe? Joto hupanua mishipa ya damu mahali ambapo damu tayari inavuja. Kuvutwa na kusuguliwa na fundi wa viungo kunaweza kuongeza madhara. Siku mbili tatu za mwanzo, lipumzishe goti, lifunge bandeji isiyobana kupita kiasi, na uinue mguu juu ya usawa wa moyo. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa hupunguza maumivu.

Je, wajua kwamba aliyeipa dunia kanuni ya kupumzisha, kuweka barafu, kubana na kuinua alikuja kujisahihisha? Daktari Gabe Mirkin wa Marekani aliitangaza katika kitabu chake cha mwaka 1978. Miaka mingi baadaye aliandika kwamba barafu ya muda mrefu inaweza kuchelewesha kupona. Itumie kutuliza maumivu, kwa dakika chache, usiifanye dawa ya kutwa nzima.

Je, wajua dalili ambayo haisubiri kesho? Nyuma ya goti hupita mshipa mkubwa unaopeleka damu mguuni. Goti likichomoka mahali pake, hata kama limerudi lenyewe, mshipa huo unaweza kuwa umejeruhiwa. Mguu ukiwa baridi, ukapauka, ukafa ganzi au mapigo ya damu kwenye wayo hayasikiki, kimbilia hospitali kubwa papo hapo. Mguu usiopata damu kwa muda wa saa sita hadi nane unaweza kupotea.

Je, wajua kwamba eksirei inaweza kutoka safi na ligamenti iwe imekatika vipande viwili? Eksirei huonyesha mifupa. Ligamenti huonekana kwenye kipimo cha MRI. Kuambiwa "hujavunjika" si sawa na kuambiwa "hujaumia".

Je, wajua kwamba mikono ya daktari mzoefu hugundua mengi kabla ya mashine? Kipimo maarufu kimepewa jina la Daktari John Lachman wa Philadelphia. Unalala chali na goti limekunjwa kidogo, nyuzi 20 hadi 30. Daktari anashika paja kwa mkono mmoja na muundi kwa mwingine, halafu anauvuta muundi kuja mbele. Kwenye goti zima, mfupa unasogea kidogo kisha unagota. Kwenye goti lililokatika, unakuja tu, laini, bila kikomo kinachosikika. Ndiyo maana hupimwa goti zima kwanza: kila mtu ana ulegevu wake.

KISU NA KAMERA

Je, wajua kwamba mmoja wa watu wa kwanza kushonwa ligamenti za ndani ya goti alikuwa mchimba makaa? Mwaka 1895 mjini Leeds, Uingereza, Mayo Robson alimfanyia upasuaji mchimbaji wa miaka 41 aliyekuwa na goti legevu. Miaka kadhaa baadaye mtu huyo alikuwa anatembea bila kuchechemea na alikuwa amerudi kazini.

Je, wajua kwamba wazo la kutengeneza ligamenti mpya badala ya kushona iliyokatika limepita miaka mia moja? Ernest Hey Groves wa Bristol alieleza njia yake mwaka 1917, akitumia ukanda wa nyama ngumu kutoka ubavuni mwa paja.

Je, wajua kwamba kamera ya kuchungulia goti ilianza kwa kifaa cha kuchungulia kibofu cha mkojo? Mwaka 1918, Kenji Takagi wa Tokyo alikiingiza kifaa hicho katika goti la maiti. Mwaka 1980 David Dandy wa Uingereza akawa wa kwanza kutengeneza ACL kwa msaada wa kamera. Leo upasuaji wa goti kwa matundu madogo unafanywa hata Dar es Salaam, katika Taasisi ya Tiba ya Mifupa Muhimbili, MOI.

Je, wajua kwamba "kipuri" cha ligamenti mara nyingi hutoka mwilini mwako mwenyewe? Daktari huchukua kano ya nyuma ya paja, au kipande cha kano iliyo chini au juu ya pia ya goti. Muulize ametoa wapi, kwa sababu jibu litabadilisha mazoezi yako. Aliyetolewa kano nyuma ya paja hapaswi kuvuta pedeli kwenda juu kwa nguvu katika wiki za mwanzo.

Je, wajua kwamba kano iliyopandikizwa hudhoofika kwanza ndipo iimarike? Ikishawekwa hukosa damu yake ya zamani, chembe zake nyingi hufa, na mishipa mipya huingia taratibu kuijenga upya. Kwenye wiki ya 6 hadi ya 12 hivi, huwa dhaifu kuliko siku ilipowekwa. Sasa angalia kalenda: hizo ndizo wiki ambazo uvimbe umekwisha, magongo yamerudishwa kwa mwenyewe, na mgonjwa anaanza kuitazama baiskeli yake kwa jicho la tamaa. Hapo ndipo wengi hujiharibia.

Je, wajua kwamba si kila ACL iliyokatika lazima ipasuliwe? Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2010 uliwafuatilia vijana 121. Kundi moja lilipasuliwa mapema, jingine lilianza na mazoezi na kupasuliwa ikibidi. Baada ya miaka miwili hali zao zilikaribiana, na baada ya miaka mitano karibu nusu ya walioanza na mazoezi walikuwa hawajahitaji kisu. Kwa anayetaka kurudi kwenye baiskeli tu, si kwenye mpira wa kugeukageuka, hilo ni jambo la kujadili na daktari kabla ya kusaini fomu.

Je, wajua kwamba imani ya "ACL haiungi kamwe" imeanza kutikisika? Picha za MRI za baadhi ya washiriki wa utafiti huo zilionyesha ligamenti iliyojiunga. Nchini Australia, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2023, watafiti waliwafunga wagonjwa 80 goti likiwa limekunjwa nyuzi 90 kwa wiki nne, kisha wakalifungua hatua kwa hatua. Katika asilimia 90 yao, picha za mwezi wa tatu zilionyesha dalili za kuunga. Njia hiyo inahitaji uangalizi wa karibu. Si ya kujifungia nyumbani.

KITANDANI NA NYUMBANI

Je, wajua kwamba mto chini ya goti ni adui aliyevaa sura ya rafiki? Goti lililoumia hupenda kukaa limekunjwa kidogo, na mto hulibembeleza. Likizoea hapo, kulinyoosha huwa kazi ya miezi. Weka mto chini ya kisigino, goti lining'inie lenyewe na linyooke.

Je, wajua kwamba kunyoosha goti huja kabla ya kulikunja? Wengine baada ya upasuaji huota kinyama cha kovu mbele ya ligamenti, kinachozuia goti lisinyooke hadi mwisho. Madaktari wamekipa jina la Cyclops, lile jitu la jicho moja la hadithi za Kigiriki, kwa jinsi kinavyoonekana kwenye kamera.

Je, wajua kwamba goti lililovimba hulizima paja? Watafiti waliwahi kuingiza maji ya chumvi katika magoti ya watu wazima wasio na jeraha lolote, na misuli ya mbele ya paja ikapungua nguvu papo hapo. Kwa hiyo paja lako halikunywea kwa uvivu. Ubongo umelinyima amri. Kupunguza uvimbe ndiyo hatua ya kwanza ya kurudisha nguvu.

Je, wajua kwamba futi ya fundi cherehani ni kifaa cha tiba? Pima mzunguko wa mapaja yote mawili, umbali uleule juu ya pia ya goti, mara moja kila wiki mbili, na uandike. Jicho hudanganyika. Futi haidanganyiki.

Je, wajua kwamba ukibaki na gongo moja, hushikwa kwa mkono wa upande mzima? Aliyeumia goti la kulia hushika gongo mkono wa kushoto. Wengi hufanya kinyume.

Je, wajua kwamba shavu la mguu likivimba, likauma na kuwa la moto baada ya upasuaji, huenda damu imeganda ndani ya mshipa? Usilikande. Rudi hospitali siku hiyohiyo.

JUU YA PEDELI

Je, wajua kwamba baiskeli ya mazoezi ni ya zamani kuliko baiskeli ya barabarani? Mwaka 1796 Francis Lowndes wa London alipewa hataza ya mashine ya kuchezesha mikono na miguu ya wagonjwa, aliyoiita Gymnasticon. Baiskeli zenye pedeli zilianza kuonekana Paris katika miaka ya 1860.

Je, wajua kwa nini wataalamu huipenda baiskeli ya mazoezi? Mwaka 1998 watafiti wa Marekani walichapisha vipimo vya kifaa kidogo kilichowekwa ndani ya ACL za watu wanane wakiwa juu ya baiskeli ya mazoezi. Ligamenti ilinyumbuka kwa wastani wa asilimia 1.7 tu. Zoezi la kuchuchumaa huinyumbua zaidi ya hapo.

Je, wajua kwamba kutembea hulibebesha goti mzigo mkubwa kuliko kupiga pedeli polepole? Kila hatua hukandamiza goti kwa nguvu ya takribani mara mbili na nusu ya uzito wako. Kwenye baiskeli nyepesi ni karibu mara moja tu, kwa sababu kiti kimebeba mwili.

Je, wajua kwamba ili pedeli izunguke duara zima, goti linatakiwa kukunjika nyuzi 110 hivi? Ndiyo maana siku ya kwanza huwa ya fedheha. Mguu unashuka vizuri, unapanda, unafika karibu na kilele, unagoma. Mgonjwa anarudi nyuma, anapanda tena, anagoma tena, mbele na nyuma. Mtaalamu hamsukumi. Anainua kiti kidogo, anamwambia ajaribu kuzungusha kinyumenyume, maana wengi hufanikiwa huko kwanza. Anayelazimisha duara kwa kuinua nyonga upande mmoja anajidanganya: nyonga imezunguka, goti bado.

Je, wajua kipimo cha kiti? Pedeli ikiwa chini kabisa, goti libaki limekunjwa nyuzi 25 hadi 35. Kiti cha chini mno hulibana goti kwa mbele, kwenye pia. Kiti cha juu mno huvuta nyuma ya goti. Mahali panapouma patakuonyesha wapi pa kurekebisha.

Je, wajua kwamba ukipiga pedeli mizunguko 80 kwa dakika, nusu saa ni mizunguko 2,400 kwa kila goti? Kosa dogo la kiti hurudiwa mara 2,400. Anza na gia nyepesi na mwendo wa haraka. Gia nzito na kusimama juu ya pedeli viache mpaka uruhusiwe.

Je, wajua kwamba baiskeli ya kawaida yenye stendi ya nyuma inaweza kuwa mashine ya mazoezi? Stendi inayoinua gurudumu la nyuma hukuwezesha kupiga pedeli papo hapo ulipo, bila kulipia gym. Aliyeruhusiwa na daktari aiweke mahali tambarare kando ya ukuta, mtu aushike usukani, na apande akiukita chini mguu mzima. Baiskeli yenye fremu ya kike, isiyo na bomba la juu, hupandwa kwa urahisi zaidi.

Je, wajua kwamba pedeli za kufunga kiatu zinamdai mwenye goti jipya uangalifu wa pekee? Kampuni ya Look ya Ufaransa ilizitoa mwaka 1984, na mwendesha baiskeli Bernard Hinault akashinda Tour de France ya 1985 akizitumia. Lakini kuzifungua ni lazima uzungushe kisigino nje, na hiyo ni nguvu ya kusokota goti. Rudi kwa pedeli bapa kwanza.

WALIORUDI

Je, wajua kwamba Hinault huyohuyo aliondoka kwenye Tour ya 1980 akiwa amevaa jezi ya njano, kwa ajili ya goti? Mwaka 1983 alikosa mashindano hayo na kufanyiwa upasuaji. Mwaka 1984 alimaliza wa pili, na 1985 akatwaa taji lake la tano. Tatizo lake lilikuwa la kano, si la ligamenti, lakini saa ya kupona ilikwenda kwa mwendo wake vilevile.

Je, wajua kwamba mwendesha baiskeli Katie Archibald wa Uskoti aliumia ligamenti ya nyuma ya goti kwa ajali ya pikipiki mwishoni mwa 2015? Akakosa mashindano ya dunia ya London ya Machi 2016. Agosti ya mwaka huohuo akapata dhahabu ya Olimpiki mjini Rio, yeye na timu yake, kwa rekodi ya dunia.

Je, wajua kwamba mfupa huunga kwa mfupa, na ndiyo tofauti yake na ACL? Mwendesha baiskeli Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyefundishwa baiskeli na David Kinjah, alivunjika paja, kiwiko na mbavu Juni 2019 nchini Ufaransa. Februari 2020 alikuwa tena mashindanoni. Kwa muda kama huo, ACL mpya bado inajijenga.

KABLA YA BARABARA

Je, wajua kwamba kila mwezi wa subira una thamani? Utafiti wa Norway na Marekani wa mwaka 2016 uliwafuatilia waliotengenezewa ACL na kurudi kwenye michezo ya kugeuka na kuruka. Kila mwezi waliochelewa, hadi mwezi wa tisa, ulipunguza hatari ya kuumia tena kwa karibu nusu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na hapa mkuu ni kalenda pamoja na vipimo.

Je, wajua vipimo hivyo ni vipi? Goti linanyooka na kukunjika kama la pili. Halivimbi baada ya mazoezi. Paja lililoumia lina nguvu isiyopungua asilimia 90 ya jingine. Unasimama na kuruka kwa mguu mmoja bila kuyumba. Kwa ratiba za hospitali nyingi, baiskeli ya mazoezi huanza wiki za mwanzo, barabara tambarare karibu mwezi wa tatu, na mashindano baada ya miezi sita hadi tisa. Mzigo wa mkaa au madumu ya maji kwenye keria hauna haraka.

Je, wajua kwamba woga nao hutibiwa? Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2014 uligundua kwamba waliorudi kwenye ushindani baada ya upasuaji wa ACL walikuwa asilimia 55 tu, na hofu ya kuumia tena ni miongoni mwa sababu. Anza na njia unayoijua, asubuhi kabla ya magari, ukiwa na mwenzako.

Je, wajua kwamba karibu nusu ya waliokatika ACL au kuchanika gegedu la goti huonyesha dalili za goti kusagika ndani ya miaka 10 hadi 20? Mapaja yenye nguvu na uzito wa kadiri ni kinga. Usiache mazoezi siku unapoacha magongo.

Na wewe uliyewahi kuanguka, goti likavimba ndani ya saa chache, likapoa, lakini mpaka leo linakuachia ukishuka ngazi: kutouma si kupona. Nenda kapimwe wiki hii.